Saa Saba Zilizomliza Nyanya
(Somo la umbali na muda wa safari ya ndege, Nairobi hadi New York)

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, nikajibu tu, na jibu langu likamlaza nyanya yangu mkekani siku nzima akiamini kwamba mjukuu wake ameangamia angani. Nimeonelea nikisimulie kisa hicho, kisha nieleze hesabu ambayo ningeijua siku ile, chozi hata moja lisingedondoka.

KISA CHENYEWE

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari 2024. Dada yangu mkubwa alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma New York. Kwetu Kulesa, kijiji cha kando ya Mto Tana upande wa Garsen, mtu akienda Mombasa tu huwa ni habari, sembuse Marekani! Aliagwa kwa maembe, mchele na nasaha nyingi. Alipanda basi Garsen, akapitia Malindi hadi Mombasa, akalala huko kwa jamaa, na kesho yake akapanda gari moshi la SGR hadi Nairobi. Kufika Nairobi tu kulimla siku mbili.

Kabla hajaondoka, nilipewa tikiti niisomee jamaa. Nilikuwa naingia kidato cha tatu, na si mnajua jinsi watu wa nyumbani wanavyoamini kwamba mtu wa kidato cha tatu anajua kila kitu. Tikiti ilisema hivi: kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25, siku ya pili yake. Nikazihesabu saa kichwani mara moja. Kutoka saa tano na dakika ishirini na tano usiku hadi saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi ni saa saba. Nikamgeukia nyanya kwa madaha.

"Nyanya, Marekani si mbali hivyo. Ni saa saba tu. Ukiamka asubuhi atakuwa ameshafika, atapiga simu."

"Kweli, bwanangu mdogo?" Nyanya huniita hivyo.

"Kweli tupu."

Jumanne usiku dada alitupigia akiwa uwanja wa ndege. Tukalala kwa furaha. Jumatano alfajiri nyanya alikuwa wa kwanza kufika chini ya mwembe, pale ambapo mtandao hushika vizuri, akiwa na simu ya mjomba mkononi. Saa kumi na mbili u nusu ikapita. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Kimya. Tukipiga, simu ya dada haipatikani.

Saa nne nyanya alikataa uji. Saa tano alikataa dawa zake za presha. Mtu mmoja, ambaye hakuwa na nia mbaya, akaikumbusha hadhara ile tarehe 10 Machi 2019, siku ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi ilipoanguka dakika chache baada ya kuruka Addis Ababa. Watu wote 157 waliokuwemo walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Basi baada ya maneno hayo miguu ya nyanya haikumbeba tena. Akalazwa mkekani. Majirani wakaanza kuja mmoja mmoja, wakikaa kimya namna ile ya watu wanaongoja habari mbaya.

Mjomba alikuwa shambani kwake tangu asubuhi bila wasiwasi wowote. Yeye aliambiwa na nyanya kwamba "ni saa saba," akaelewa kwamba dada atafika saa saba mchana. Alipotuona tumekusanyika alicheka. "Mbona mnalia? Saa saba bado!" Tukapata matumaini mapya. Ikafika saa saba, ikapita. Mjomba naye akanyamaza. Kilio cha pili kilikuwa kikali kuliko cha kwanza.

Saa tisa u nusu alasiri simu ikalia. Ni dada! "Nimefika salama. Nilikuwa kwenye foleni ya pasipoti. Huku ni asubuhi, jua ndio kwanza linatoka."

Nyanya akaipokea simu akitetemeka. "Asubuhi gani tena, mwanangu, na jua la hapa limeshapinda? Wewe ni mzima kweli?"

Jioni, alipokwisha kula, aliniita pembeni. Hakunigombeza. Aliniambia maneno machache tu: "Bwanangu, ndege haikunifanya kitu. Hesabu yako ndiyo iliyotaka kuniua."

KOSA LILIKUWA WAPI?

Nilichukua saa ya New York nikaitoa kwa saa ya Nairobi, kana kwamba miji hiyo miwili inatazama saa moja iliyotundikwa ukutani. Ni sawa na kupima shamba, ukaanza kwa hatua za mtu mzima na kumalizia kwa hatua za mtoto, kisha ukasema umepata jibu.

Mwaka wa 2025, tulipofika kidato cha nne, tulifundishwa habari za latitudo na longitudo katika hisabati. Wengi darasani walinung'unika kwamba mada ile haina faida. Mimi nilikaa kimya, maana nilimkumbuka nyanya. Mtu akitaka kujua safari ya ndege itachukua muda gani, ajiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu: umbali ni kiasi gani, mwendo ni upi, na saa za kila mahali ni zipi.

SWALI LA KWANZA: UMBALI

Dunia ni mviringo, na mzingo wake ni takriban kilomita 40,000. Mzingo huo una digrii 360. Kila digrii moja ya duara kubwa la dunia ni maili 60 za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852. Kwa hiyo digrii moja ni kama kilomita 111.

Tuanze na mfano mwepesi. Nairobi iko karibu digrii 1.3 kusini mwa ikweta, longitudo 37 mashariki. Moscow, mji mkuu wa Urusi, iko karibu digrii 55.7 kaskazini, nayo longitudo yake inakaribia kuwa ile ile ya Nairobi. Kwa kuwa mmoja uko kusini na mwingine kaskazini, tunajumlisha: 1.3 na 55.7 ni digrii 57. Zidisha kwa 60, unapata maili 3,420 za baharini. Zidisha kwa 1.852, unapata karibu kilomita 6,334. Hesabu imekwisha, wala hukuhitaji kupanda ndege.

New York ni ngumu kidogo kwa sababu longitudo zinatofautiana sana: Nairobi ni 37 mashariki, New York ni 74 magharibi. Hapo mwalimu wetu wa jiografia alitufundisha njia ya uzi. Alileta tufe la darasani pamoja na uzi wa kushonea. Tukauzungusha uzi kwenye ikweta ya tufe, tukapata sentimita 94. Kisha tukaunyoosha uzi kutoka Nairobi hadi New York, tukiukaza mpaka usilegee popote. Sentimita 28. Sasa gawanya 28 kwa 94, zidisha kwa 40,000. Jibu ni karibu kilomita 11,900. Hesabu kamili inatoa kilomita 11,800 na ushei, kwa hiyo uzi wa shilingi chache ulikosea kidogo sana. Huna tufe? Chukua chungwa la mviringo, chora ikweta kwa kalamu, ujaribu.

Uzi ule ulitufunza jambo jingine. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani, kutoka Nairobi hadi New York, rula itakutoa Afrika upande wa Moritania. Lakini uzi kwenye tufe unapita juu ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger na Algeria, ukatoka Afrika upande wa Moroko. Tena juu ya Atlantiki unapanda hadi karibu latitudo 42, kaskazini kuliko New York yenyewe, kabla ya kushuka kidogo. Ramani bapa inadanganya kwa sababu mviringo haukubali kubanwa uwe bapa bila kuvutika. Njia fupi ni ya uzi, na ndiyo rubani anayoitafuta, ingawa hali ya hewa na mambo mengine humkengeusha.

SWALI LA PILI: MWENDO

Ndege kubwa za abiria za siku hizi, kama Boeing 787, zikishatulia juu huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,800 kwa 900, unapata kama saa 13. Lakini Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York tarehe 28 Oktoba 2018, ilitangaza saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Mbona nyingi zaidi, na mbona hazilingani?

Kwanza, ndege haiendi kilomita 900 kwa saa muda wote. Kuna kutambaa uwanjani, kupaa, na kushuka polepole mwishoni. Pili, kuna upepo. Huko juu, kilomita kama 10 kutoka ardhini, katika latitudo za kaskazini, huvuma upepo mkali sana kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayeenda Marekani anapambana nao uso kwa uso; anayerudi anasukumwa mgongoni.

Sisi watu wa mtoni hatuhitaji mwalimu wa kutuambia haya. Ukiteremka Tana kwa mtumbwi kuelekea Ozi, maji yanakubeba. Kazi yako ni kuelekeza tu. Kurudi sasa! Ni pondo na jasho. Kijiji hakijasogea, umbali ni ule ule, lakini muda si ule ule. Basi ndege nayo ina mto wake, ila mto huo hauonekani kwa macho.

Tusisahau pia kwamba zamani safari hii haikuwa ya pigo moja. Mnamo Septemba 1959, kwa juhudi za marehemu Tom Mboya na wenzake, ndege ya kukodi iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York kwenda vyuoni. Ndege za wakati huo zililazimika kutua njiani na kujaza mafuta. Nikiwafikiria wazazi wa wale 81, waliokaa bila simu wakingoja barua, naona kwamba mkeka wa nyanya yangu si wa kwanza kulaliwa kwa hofu ya aina hiyo.

SWALI LA TATU: SAA ZA KILA MAHALI

Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24. Kwa hiyo hugeuka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika 4. Walio mashariki hulipata jua kwanza. Kulesa iko karibu na longitudo 40 mashariki, digrii tatu hivi mashariki ya Nairobi. Ndiyo maana jua letu hututangulia kwa dakika kama 12. Lakini kila kijiji kikifuata jua lake, hakuna basi litakalokutwa stendi! Ndipo nchi zikakubaliana kutumia saa za pamoja kwa maeneo makubwa. Mwaka wa 1884, katika mkutano uliofanyika Washington, longitudo ya Greenwich, Uingereza, ilichaguliwa kuwa sufuri ya kuanzia kuhesabu.

Afrika Mashariki hutumia saa za longitudo 45 mashariki, ambazo ni saa 3 mbele ya Greenwich. New York hutumia saa za longitudo 75 magharibi, ambazo ni saa 5 nyuma ya Greenwich. Jumlisha 3 na 5: sisi tuko mbele yao kwa saa 8. Ila Wamarekani wana desturi ya kuzisogeza saa zao mbele kwa saa moja, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Katika miezi hiyo tofauti huwa saa 7.

Sasa turudi kwenye tikiti ya dada. Alifika New York 06:25 kwa saa za huko. Ilikuwa Januari, kwa hiyo ongeza 8, upate 14:25 kwa saa za Nairobi, yaani saa nane na dakika ishirini na tano mchana. Kutoka 23:25 ya Jumanne hadi 14:25 ya Jumatano ni saa 15 kamili. Si saba! Nyanya alipokuwa akikataa uji, dada alikuwa angani, salama salimini, na zilikuwa zimebaki saa nne na ushei. Mjomba alipofika kutoka shambani akicheka, ndege ilikuwa bado haijatua. Hapakuwa na jambo lolote la kulilia, isipokuwa hesabu ya mtoto wa kidato cha tatu.

NA LUGHA JE?

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, sitaondoka bila kuigusa lugha, maana nayo ilichangia. Neno "saa" lina kazi mbili. Kuna saa ya kutaja wakati, na kuna saa ya kupima muda. "Saa saba" yangu ilikuwa ya muda. Ya mjomba ilikuwa ya wakati. Nadhani ndiyo sababu watu wengi husema "masaa saba" wanapotaja muda, ingawa walimu wetu huliwekea alama nyekundu. Tufanyeje basi? Tuseme wazi: "safari itachukua muda wa saa kumi na tano" au "atafika saa saba mchana." Neno moja la ziada linatosha kuzuia msiba usiokuwepo.

Jambo la pili ni kubadili saa za tikiti. Tikiti huhesabu kuanzia usiku wa manane hadi 23:59, na sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Ikiwa namba imezidi 12, toa 12 kwanza. Kisha toa 6. Ikiwa haitoshi kutolewa, ongeza 6. Kwa mfano, 23:25: toa 12 upate 11, toa 6 upate 5; ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. 09:00: toa 6 upate 3, ni saa tatu asubuhi. 04:45: ongeza 6 upate 10, ni saa kumi na dakika arobaini na tano alfajiri.

La tatu ndilo la hatari zaidi. Tikiti ikiandikwa "Jumatano 00:40," siku ya kwenda uwanjani ni Jumanne! Kwa tikiti, siku hubadilika saa sita usiku. Mtu akitoka nyumbani Jumatano jioni ameachwa tangu usiku uliopita. Kiswahili kina dawa yake: sema "usiku wa kuamkia Jumatano." Anayesema hivyo hapotei, wala hampotezi mwenzake.

JARIBU MWENYEWE

1. Tuseme ndege inaondoka Nairobi 22:45 na kufika Dubai 04:45. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Safari ni ya muda gani?

2. Tuseme ni Januari, na ndege inaondoka Nairobi saa tatu asubuhi kwenda London. Inaruka kwa muda wa saa 9. Wakati huo London iko nyuma yetu kwa saa 3. Itafika saa ngapi kwa saa za huko?

3. Nyanya anataka kumpigia dada simu kutoka Kulesa saa mbili usiku, mwezi wa Januari. New York itakuwa saa ngapi?

Majibu: (1) Saa 5. (2) Saa tisa alasiri. (3) Saa sita mchana.

TAMATI

Dada akirudi likizo, nitaisoma tikiti yake mwenyewe tena. Safari hii nitaanza na umbali, nifuatie mwendo, nimalizie na saa za kila mahali, kisha nimwandikie nyanya kwenye karatasi kwa herufi kubwa: atatua Nairobi siku fulani, saa fulani kwa saa zetu. Chini yake nitaongeza saa mbili za foleni, maana hata hizo siku ile sikuzihesabu.

Nawe mwenzangu, nyumbani kwenu kuna mtu anayekuamini kwa sababu ya sare hiyo uliyovaa. Akikuletea tikiti, barua ya hospitali au karatasi yoyote uisome, usikimbilie kujibu ili uonekane msomi. Mwambie, "Ngoja kidogo nihakikishe." Hutapungukiwa na kitu. Mimi nilikimbilia, na nyanya mpaka leo, nikimwambia kitu chochote chenye namba, huniuliza kwanza: "Bwanangu, hiyo umeihesabu, au umeisema tu?"